Mapacha wa Julai Mosi

Tafakari ya juma. Masomo: Hesabu 20:14–21 na 21:4–9, Mwanzo 35:27–29



Juma hili lina tarehe 1 Julai. Kwetu Tanzania ni siku ya kazi, na wengi wanaikumbuka kwa sababu moja tu: mwaka mpya wa fedha wa serikali huanza siku hiyo, na ofisi za halmashauri huwa na pilikapilika zake. Lakini sisi wa Ngara tuna majirani wawili ambao siku hiyo hawaendi kazini. Ukishuka Rusumo, ng'ambo ya daraja Wanyarwanda wako mapumzikoni. Ukigeuka ukaenda Kabanga, ng'ambo ya mpaka Warundi wako mapumzikoni. Na sikukuu yao ni moja. Nchi zote mbili zilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, kutoka kwa mtawala mmoja, kwa azimio moja la Umoja wa Mataifa.

Ni nadra nchi mbili kuwa na siku moja ya kuzaliwa. Ni nadra zaidi nchi hizo ziwe na lugha zinazosikilizana kama Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba mtu wa Ngozi na mtu wa Butare wanaweza kuongea kutwa nzima bila mkalimani. Nimeona vema tafakari ya juma hili ikae hapo, kwa sababu katika kanisa letu wako watu ambao babu zao wamezikwa huko na huko, na kwa sababu kila mwaka siku hii inapofika naumia nikiona ndugu hawa wakiisherehekea kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

Tarehe hizo hazikulingana kwa bahati tu. Kabla ya wakoloni zilikuwepo falme mbili, kila moja na mwami wake, zikipigana na kuoana kama majirani wafanyavyo. Wajerumani walizitia pamoja na Tanganyika yetu katika koloni moja, wakawaacha wafalme mahali pao na kuwawekea afisa mkazi wa kuwaangalia. Mwaka 1916, vita kuu vikiendelea, majeshi ya Ubelgiji yaliingia. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji wakaafikiana: Tanganyika iende kwa Mwingereza, Ruanda na Urundi ziende kwa Mbelgiji. Wazee wa Bugufi hawahitaji kusimuliwa jinsi mstari ule ulivyopita. Watawala wao walikuwa wa ukoo wa kifalme wa Burundi, lakini Bugufi ikabaki upande wa Tanganyika, na ndiyo maana hadi leo Mhangaza akivuka Kobero hahisi kama amefika ugenini.

Basi kwa miaka zaidi ya 40 nchi hizo mbili ziliitwa kwa jina moja la kuunganishwa, Ruanda-Urundi, zikiongozwa kutoka mji mmoja, Usumbura, ambao sasa tunauita Bujumbura. Sarafu ilikuwa moja. Uhuru ulipokaribia, Umoja wa Mataifa ulitamani ziwe nchi moja. Aprili 1962 wajumbe wa pande mbili waliketi Addis Ababa kulizungumza jambo hilo, na wakalikataa. Walikuwa na sababu zao. Wanyarwanda walikwisha kuukataa ufalme kwa kura mnamo Septemba 1961, na Grégoire Kayibanda alikuwa rais wa jamhuri. Burundi ilikuwa na mwami wake bado, Mwambutsa wa Nne, na ilikuwa katika msiba: mwanawe, Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi Septemba 1961, alipigwa risasi akafa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Jamhuri iliyomfukuza mwami ingekaaje nyumba moja na ufalme unaomlilia mwana wa mwami? Wakakubaliana kushirikiana katika mambo ya uchumi na fedha tu, na hata ushirika huo ulivunjika baada ya muda mfupi. Tarehe 27 Juni 1962 Baraza Kuu likapitisha azimio la kumaliza udhamini wa Ubelgiji. Siku nne baadaye kila mmoja akapandisha bendera yake kwake.

Warundi wanapopata mapacha humwita wa kwanza Bukuru na wa pili Butoyi. Wanyarwanda huwaita Gakuru na Gato. Kwa Wasukuma wetu ni Kulwa na Doto. Katika mapacha hawa wa Julai hakuna anayeweza kusema nani Bukuru na nani Butoyi, na labda hiyo ni rehema, maana hakuna mwenye haki ya kudai heshima ya ukubwa.

Sasa Neno la Mungu.

Tukisoma habari za mapacha wa Isaka tunaishia mara nyingi kwenye dengu na baraka iliyochukuliwa kwa hila. Wachache wetu tunawafuatilia mapacha hao hadi walipokuwa mataifa. Rebeka aliambiwa mapema, kwenye Mwanzo 25, kwamba aliowabeba si watoto wawili tu bali mataifa mawili. Karne zinapita. Wana wa Yakobo wametoka Misri, wamezunguka jangwani, wamefika Kadeshi. Mbele yao iko nchi ya Edomu, yaani nchi ya wana wa Esau. Katika Hesabu 20 Musa anatuma wajumbe kwa mfalme wa Edomu, na nawaomba muangalie namna ujumbe ule unavyoanza. Hauanzi na nguvu za Israeli wala na bahari iliyogawanyika. Unaanza kwa kumkumbusha mfalme kwamba anayebisha hodi ni ndugu yake. Kisha unasimulia mateso: unajua yaliyotupata, baba zetu walishukia Misri, tukatendwa vibaya. Ndipo linakuja ombi lenyewe, nalo ni dogo. Tupishe tupite. Hatutaingia mashambani mwako wala katika mizabibu yako. Hatutakunywa maji ya visima vyako. Tutashika njia kuu ya mfalme hadi tutoke mpakani kwako. Walipokataliwa mara ya kwanza waliongeza kwamba ng'ombe wao wakinywa maji watalipa.

Edomu akakataa. Akatoka na watu wengi wenye silaha kuusimamia mpaka wake. Israeli akageuka, akazunguka.

Sura inayofuata tunaipenda sana sisi wahubiri kwa sababu ya nyoka wa shaba. Tunasimulia manung'uniko ya watu, nyoka wa moto, nguzo aliyoisimamisha Musa, kisha tunakwenda moja kwa moja kwa Yohana 3, pale Bwana wetu anapojifananisha na nyoka yule aliyeinuliwa. Lakini aya ya 4 inataja jambo tunaloliruka. Watu walivunjika moyo kwa sababu ya ile njia, nayo ilikuwa njia ya kuizunguka nchi ya Edomu. Walikuwa wamechoka kwa sababu ndugu yao aliwafungia barabara. Sitaki kuwaondolea dhambi ya kunung'unika, Maandiko hayawaondolei. Nasema tu kwamba uchovu wao ulikuwa na chanzo, na chanzo hicho kilikuwa mlango uliofungwa na mtu wa nyumba moja nao. Na ishara ya wokovu ambayo Yesu aliichukua kuelezea msalaba wake ilisimamishwa huko, kwenye njia ya mzunguko.

Nimelishika neno hilo kwa muda sasa, kwa sababu njia ya mzunguko ninaijua. Inapita mbele ya kanisa letu.

Januari 2024 Burundi ilifunga tena mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, ikiituhumu Rwanda kuwasaidia waasi, na Rwanda ikakana. Nasema tena, kwa sababu baada ya machafuko ya mwaka 2015 mipaka ile ilikaa miaka bila kupitika kama zamani, ikaja kufunguliwa mwaka 2022. Kanyaru, Gasenyi na Nemba, Ruhwa: hayo ni majina ya vituo ambavyo watu wa pande mbili walivipita kwenda sokoni, harusini, hospitalini. Kituo kikifungwa, mtu mwenye haja ya kweli ya kufika ng'ambo hulazimika kuzunguka, na moja ya njia za kuzungukia ni hii yetu: Kobero, Kabanga, Ngara, Rusumo. Anaingia nchi ya tatu ili afike kwa jirani anayemwona kwa macho akiwa shambani kwake.

Mama mmoja kutoka Kirundo alilala katika nyumba ya wageni ya kanisa letu akiwa safarini hivyo. Mdogo wake alikuwa ameolewa Kirehe, na habari za kifo zilimfikia kwa simu. Alikuwa na kanga mbili, mfuko mdogo wa maharage kwa ajili ya matanga, na simu ya kitochi ambayo aliifungua mbele yetu akibadilisha laini, ya Burundi akaifunga kwenye pindo la kanga, ya Tanzania akaiweka, akapiga kuwaomba wamsubiri. Mama mchungaji alimpa chakula, hakula. Alikuwa akihesabu saa. Asubuhi tulimtafutia gari la Rusumo. Siku chache baadaye alipita tena akirudi, akatuambia alikuta wameshazika. Msiba hauwezi kungoja siku mbili za kuzunguka wakati mwili hauna jokofu. Alichota udongo, akaurushia juu ya kaburi lililokwisha kufunikwa, akalala na watoto wa marehemu usiku mmoja, akaanza safari ya kurudi.

Niseme hili kwa uwazi ili nisieleweke vibaya. Edomu si jina la nchi yoyote kati ya hizi mbili. Kila moja imewahi kuwa Israeli anayebisha hodi, na kila moja imewahi kuwa mfalme anayesimamia mpaka. Watutsi wa Rwanda waliokimbia kuanzia mwaka 1959 walipokelewa Burundi. Warundi waliokimbia mwaka 2015 walipokelewa Rwanda, na kambi yao ya Mahama iko hapo Kirehe, jirani kabisa na sisi. Kila nchi imempa mkimbizi wa mwenzake maji, na kila nchi imeogopa kwamba mkimbizi yule atarudi na bunduki, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni siku zote. Mimi si mwamuzi wa tuhuma zao. Wapo wenye kazi hiyo. Kazi yangu ni kuwaombea, na mtu hawezi kumwombea mmoja wa mapacha huku akimlaani wa pili.

Wala sisi Watanzania tusijione tumesimama pembeni tukiwa safi. Tumetenda mema makubwa: zaidi ya Warundi 160,000 waliotukimbilia mwaka 1972 na watoto wao wamepewa uraia wa nchi hii, na aliyeanza kuwasuluhisha Warundi Arusha alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe, hadi kifo chake Oktoba 1999. Lakini Machi 1995 serikali yetu iliwafungia mpaka wakimbizi waliokuwa wakitokea Burundi, na Desemba 1996 watu wa kambi za hapa Ngara walirudishwa Rwanda, wengi wao wakisindikizwa na askari. Waliokuwa watu wazima mwaka huo wanakumbuka barabara ya Rusumo ilivyojaa. Obadia aliwakemea Edomu kwa kusimama njia panda wakati ndugu yao anakimbia. Njia panda ni mahali petu pa kuishi. Kitabu kile kifupi chenye sura moja tukisome kwa kutetemeka.

Rusumo yenyewe inafundisha. Kidogo juu ya maporomoko, mto Ruvubu unaotoka Burundi unakutana na Akagera unaotoka Rwanda. Nimesimama hapo mara nyingi na vijana wa kipaimara. Maji ya pande zote mbili ni ya rangi ya udongo, kwa kuwa vilima vya huko vinalimwa hadi kileleni, na baada ya hatua chache huwezi tena kusema haya ni ya nani. Mwaka 1994 mto huu ulibeba miili ya watu waliouawa, ikapita chini ya daraja letu mchana na usiku hadi Ziwa Viktoria. Aprili ile, rais wa Rwanda Juvénal Habyarimana na rais wa Burundi Cyprien Ntaryamira walikuwa wametoka mkutanoni Dar es Salaam katika ndege moja, ikadunguliwa ikitaka kutua Kigali, wakafa pamoja. Yaliyofuata ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Na mwisho wa mwezi huohuo watu kama 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakakaa Benaco, na wilaya yetu ikawa na mji mkubwa wa maturubai ambao haukuwepo juma lililotangulia. Waliokuwepo wanajua moshi wa kuni ulivyotanda.

Leo mahali hapohapo pana mtambo wa umeme wa megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa mafungu matatu sawa. Nauheshimu sana mtambo ule. Serikali zilizofungiana barabara zimeweza kumiliki jenereta moja na kugawana umeme wake. Maana yake ni kwamba kushirikiana kunawezekana watu wakitaka, na kwamba mama wa Kirundo ana haki ya kuuliza kwa nini umeme upite na yeye asipite.

Lakini ningesimama hapo tu ningekuwa nimehubiri siasa ya nishati, na ninyi mmekuja kutafuta Injili. Kwa hiyo niwapeleke kwenye mwaka 1997, kwa mashahidi wawili ambao natamani kila mtoto wa shule ya Jumapili awajue.

Tarehe 18 Machi 1997, usiku, watu wenye silaha waliingia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Nyange ni mahali pazito. Miaka mitatu nyuma, Aprili 1994, kanisa la parokia ya hapo liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokimbilia ndani. Sasa watoto wa shule walikuwa darasani wakijisomea baada ya chakula. Wavamizi wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Watoto wakakataa. Wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono, kadhaa wakafa, wengi wakajeruhiwa. Rwanda imewaweka miongoni mwa mashujaa wake wa taifa.

Wiki sita baadaye, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia seminari ndogo ya Buta, katika Bururi, kusini mwa Burundi. Waliwakuta vijana bwenini. Amri ikawa ileile: jitengeni. Vijana wakakataa vilevile. Waliuawa 40, Wahutu na Watutsi pamoja. Wamezikwa pamoja hapo Buta, na Kanisa Katoliki la Burundi limeanza mchakato wa kuwatangaza kuwa wenye heri.

Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 30 Machi, katikati ya usiku ule na alfajiri ile. Hatuna sababu ya kudhani kwamba vijana wa Buta walikuwa wakiwaza habari za Nyange. Kila kundi lilijibu peke yake, kwenye nchi yake, mbele ya bunduki zake. Na majibu yakawa jibu moja. Wakubwa wa nchi hizi walikaa Addis Ababa mwaka 1962 wakashindwa kuelewana namna ya kuwa wamoja, na sidhani kwamba walipaswa lazima kuwa nchi moja. Lakini watoto hawa, ambao hakuna aliyewaita mkutanoni, walionyesha umoja wa aina nyingine: ule wa kukataa kutoka penye mwenzako wakati kutoka kungekuokoa. Huo ndio umoja wa msalaba. Bwana wetu aliambiwa ashuke, ajiokoe. Akabaki pale alipokuwa, kati ya watu wawili.

Sisi tulio warithi wa uamsho tuna sababu ya pekee ya kulishika jambo hili. Moto uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 haukuulizwa kitambulisho mpakani. Ulikwenda Uganda, ukaingia Burundi kupitia vituo kama Buhiga na Matana, ukafika kwetu Kagera. Hadi leo wazee wetu wakikutana na ndugu wa kutoka huko hukumbatiana na kuimba Tukutendereza kabla hata ya kuulizana majina. Ni urithi mzuri, lakini niwaambie ukweli: nchi iliyokuwa na uamsho ndiyo iliyokuja kuwa na Nyarubuye, ambapo watu walichinjwa kanisani, mwendo mfupi kutoka Rusumo. Kukumbatiana na kuimba hakukuwatosha. Waliohitajika ni watu wa namna ya Nyange na Buta, wanaoendelea kumwita mwenzao ndugu wakati neno hilo limekuwa hatari.

Tukirudi kwenye sikukuu yenyewe, mtaona kwamba hata mapacha hawa hawaifanyi kwa namna moja. Burundi huisherehekea kwa gwaride na ngoma, ikimkumbuka Rwagasore. Rwanda nayo hupumzika siku hiyo, lakini sherehe yake kubwa ni siku tatu mbele, tarehe 4 Julai, siku ya ukombozi, kwa kuwa tarehe hiyo mwaka 1994 Kigali ilichukuliwa na RPF na mauaji yakaelekea kukoma. Kuna sababu ya ndani zaidi pia. Bendera ilipopandishwa Kigali mwaka 1962, Wanyarwanda wengi walikuwa wakimbizi Uganda, Burundi, Kongo na hapa kwetu. Kwao siku ile ilikuwa siku nyingine ya kungoja mgao wa chakula. Tuwe wapole tukizungumzia uhuru wa mwingine. Kwa wengi waliobaki nyumbani bendera ile ilikuwa furaha, na kwa jirani zao waliokimbia ilikuwa machozi.

Hata hivyo tarehe hii imewahi kufanya kazi njema. Ilikuwa 1 Julai 2007 nchi hizi mbili zilipoingia pamoja Jumuiya ya Afrika Mashariki, mlango mmoja, siku moja. Na tarehe 1 Julai 2021, baada ya miaka ya kununiana, Waziri Mkuu wa Rwanda Édouard Ngirente alikwenda Bujumbura kusherehekea uhuru wa Burundi pamoja na wenyeji. Nakumbuka nilivyofurahi niliposikia habari ile redioni. Mtu alikwenda kwenye sikukuu ya ndugu yake aliyezaliwa naye siku moja. Kwa mwenendo wa kawaida wa familia hilo si jambo la kutangazwa. Mwaka uliofuata mipaka ilifunguliwa, na sitasema kwamba ziara ile peke yake ndiyo iliyofungua, lakini hakuna mpaka ninaoujua uliofunguliwa na watu wasiotembeleana.

Wapo wanaoniambia: mchungaji, hawa hawatapatana, ni mambo ya kale mno. Ndiyo maana nimeliweka somo la pili. Yakobo na Esau walikumbatiana kwenye Mwanzo 33, tunalijua tukio hilo. Lakini angalieni yaliyofuata. Esau alitaka wafuatane Seiri. Yakobo akamwambia tangulia, nitakuja polepole, kisha akaenda Sukothi. Hakumfuata. Hawakukaa pamoja tena, na Biblia hailifanyi hilo kuwa msiba. Kila mmoja alikaa nchi yake, na mifugo yake, na wake zake. Ila Mwanzo 35:29 inasema Isaka alipokufa, walimzika Esau na Yakobo, wanawe. Majina yote mawili, kazi moja. Hatuambiwi nani alisafiri zaidi, wala walizungumza nini kaburini. Tunaambiwa kwamba njia kati yao ilikuwa wazi kiasi cha wote wawili kufika kwa wakati.

Hilo ndilo ninaloliombea nchi hizi. Sijaomba ziwe nchi moja. Sijaomba hata viongozi wao wapendane, ingawa kwa Mungu yote yawezekana. Naomba mtu akifiwa ng'ambo afike kabla hawajazika. Na sheria ya Musa, iliyoandikwa baada ya Edomu kuifunga ile barabara, bado inamwamuru Mwisraeli, kwenye Kumbukumbu la Torati 23:7, asimchukie Mwedomi, kwa kuwa ni ndugu. Barabara ilifungwa na undugu ukabaki kuwa amri.

Kwa hiyo juma hili tutafanya hivi. Jumapili, katika maombi ya watu wote, Rwanda na Burundi zitaombewa katika ombi moja, si mawili. Mzee wa kanisa atakayeongoza asizitenganishe, na ataje Nyange na Buta kwa majina. Wenye jamaa upande wowote, walio hai au waliozikwa, waandike majina yao na kuyaleta vestri kabla ya kengele ya pili. Yatasomwa yote yakiwa yamechanganywa, bila kutaja nchi. Sadaka ya pili itakwenda kwenye nyumba ya wageni, kwa vitanda viwili zaidi na nauli ya gari la Rusumo au la Kabanga kwa msafiri wa msiba atakayefika bila kitu. Akina mama wa zamu wasimwulize mtu kama huyo ametoka upande gani kabla hajala. Na tarehe 1 Julai jioni, baada ya kazi, mlango wa kanisa utakuwa wazi kuanzia saa kumi na moja kwa wanaotaka kuja kuomba.